Makaburi ya Tengeru na Daftari Letu

Yako maneno ambayo tumeyasikia mara nyingi mno sokoni Tengeru, katika mabasi ya Usa River, na hata ndani ya ofisi za watu tunaowaheshimu, nasi tumeyanyamazia kwa muda mrefu kuliko ilivyotupasa. Maneno yenyewe ni haya: "Wazungu hawa wanalilia nini mawe?" Husemwa kila linapofika kundi la wageni kutoka Polandi, Uingereza, Kanada au Australia kuyazuru makaburi ya Wapolandi yaliyopo Tengeru. Wageni hao ni wazee wenye fimbo pamoja na watoto na wajukuu wao. Huingia langoni kwa utaratibu, hutafuta jina lililochongwa, hupiga magoti, huwasha mshumaa, na wengine hulia. Nje ya ukuta wenyeji husimama wakitazama, na aghalabu hucheka.

Sisi tuliozaliwa Nkoaranga, juu kidogo ya Tengeru, tumewahi kusimama nje ya ukuta ule. Tuliwahi kucheka pia. Kwa hiyo hatuandiki kama watu wasio na hatia.

Kwa faida ya vijana, na ya wale waliofika Arusha juzi wakidhani kwamba Tengeru ni soko la Jumatano na Jumamosi tu, yatupasa tueleze habari yenyewe. Mwaka 1939 Ujerumani ya Hitler na Urusi ya Stalin ziliigawana nchi ya Polandi kama wezi wawili wanavyogawana ng'ombe. Katika miaka ya 1940 na 1941 serikali ya Stalin iliwang'oa Wapolandi kwa mamia ya maelfu kutoka mashariki ya nchi yao, ikawapakia katika magari ya moshi na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan kukata miti na kufa kwa njaa. Hitler alipomgeukia mwenziwe Juni 1941, wafungwa hao walifunguliwa. Mwaka 1942 wengi walivuka Bahari ya Kaspi hadi Uajemi. Wanaume wenye nguvu wakaingia jeshini. Wakabaki wanawake, wazee, na watoto ambao wengi wao walikuwa yatima, na hakuna aliyewataka. Waingereza wakawatawanya katika Bara Hindi na katika makoloni yao ya Afrika. Hapa Tanganyika waliwekwa Kidugala, Ifunda, Kondoa na Morogoro. Uganda waliwekwa Masindi na Koja. Lakini kambi iliyokuwa kubwa kuliko zote katika Afrika Mashariki ilikuwa ya Tengeru, karibu na ziwa Duluti, yenye watu wapatao 5,000.

Walikaa hapo mpaka kambi ilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Walikuwa na shule, hospitali, kanisa na mashamba. Wengi wakaondoka kwenda Uingereza, Kanada na Australia, maana nchi yao wenyewe ilikwisha kuwa chini ya mkono uleule uliowafukuza. Wachache walibaki nasi mpaka kufa. Na makaburi yapata 150 yalibaki.

Bibi yetu mzaa baba alikuwa akiteremka na mkungu wa ndizi kichwani kwenda kuuza kambini. Alipotusimulia habari za Wapolandi, hakusimulia kanisa lao wala vita vyao. Alisimulia jinsi alivyomwona mwanamke wa Kizungu analima kwa jembe, anafua nguo zake mwenyewe, na kuomba apunguziwe bei ya ndizi. Jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko tunavyoweza kulidhani leo. Katika nchi ambayo Mzungu alikuwa Bwana Shauri, mlowezi au mchungaji, walifika Wazungu waliofukuzwa kwao, wasio na kitu, wanaotawaliwa na Mwingereza kama sisi tulivyotawaliwa. Bibi alikuwa akimaliza kwa kusema, "Nao walikuwa na Wazungu wao." Hatujapata kusoma kitabu cha siasa kilicholisema jambo hilo kwa ufupi zaidi.

Sasa turudi kwa wanaocheka. Wa kwanza ni yule asemaye kwamba makaburi yale ni ya wageni, wala hayahusu utamaduni wa Taifa. Ardhi ni ndogo, watu ni wengi, na yangefaa yalimwe mahindi. Mtu huyu hujiona mzalendo. Husema, "Babu zetu walinyang'anywa ardhi na Wazungu, nasi tuwatunzie makaburi?" Tungependa kumjibu kwa heshima, kwa kuwa hasira yake ina asili. Lakini twamwuliza swali moja: ni babu gani hao walionyang'anywa ardhi? Atutajie majina yao.

Hapo ndipo tunapomkamata, maana hawezi kuwataja. Sisi pia hatuwezi kuwataja wote, na hiyo ndiyo aibu iliyotufanya tuandike.

Mwezi Novemba 1951, wakati kambi ya Tengeru ilikuwa ikielekea kufungwa, serikali hiyohiyo ya Mwingereza iliyowapokea Wapolandi iliwatoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Tume ya Jaji Wilson ilikuwa imekwisha kupendekeza hivyo, ati mashamba ya Wazungu yawe kitalu kimoja kisichokatizwa na vijiji vya Waafrika. Askari walifika. Nyumba zikachomwa moto. Watu wakaambiwa waende Kingori, katika joto na homa. Wameru wakachangishana fedha, senti kwa senti, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York mwaka 1952, akifuatana na mwanasheria Earle Seaton, kuishitaki serikali mbele ya Umoja wa Mataifa. Hilo lilitangulia safari ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1955 kwa miaka mitatu. Hoja ya kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao ilipita katika Kamati ya Nne, kisha ikakosa theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu.

Msomaji na azingatie jambo moja. Tangu 1947 wakimbizi wa Tengeru walikuwa chini ya shirika la wakimbizi lililoundwa na Umoja wa Mataifa huohuo. Shirika lile lilikuwa na orodha. Mtu aliandikwa jina lake, umri wake, mahali alipozaliwa na mahali alipopelekwa. Kwa hiyo mjukuu aliyezaliwa Australia anaweza leo kuja Tengeru na karatasi mkononi, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kaburi la bibi yake. Mjukuu wa mtu aliyefukuzwa Engare Nanyuki, ambaye anakaa umbali wa saa chache tu, hana karatasi yoyote. Ana jina la Kirilo Japhet, kama alipata mwalimu mzuri. Waliobaki ni hesabu tu: 3,000, namba iliyokaa vizuri vitabuni.

Kaburi la Mpolandi halikumwondolea Mmeru hata jina moja. Aliyeyaondoa ni Mwingereza kwanza, na baada yake ni sisi, kwa uvivu wetu.

Wala hatukuanza mwaka 1951. Hapa karibu yetu, Akeri, mwaka 1896 waliuawa wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock. Majina yao yanajulikana na kila mtoto wa kipaimara katika usharika wetu, na kumbukumbu yao imetunzwa, nasi hatulalamiki kwa hilo; walikuwa vijana, na walikufa mbali na mama zao. Baada ya kifo chao jeshi la Wajerumani lilikuja likaua, likachoma migomba, likachukua ng'ombe. Machi 1900 Wajerumani hao waliwanyonga huko Moshi Mangi Meli na viongozi wengine wa Kilimanjaro na Meru. Misheni ya Nkoaranga ilianzishwa mwaka 1902, juu ya majivu ambayo yalikuwa hayajapoa. Je, waliouawa katika msafara ule wa adhabu walikuwa nani? Kina Kaaya? Kina Mbise? Kina Nnko, Pallangyo, Nanyaro? Hapana shaka kila ukoo ulitoa wake. Majina mawili tunayo. Mengine tuliyaacha yaoze.

Basi tusije tukadanganyana kwamba kuwakumbuka waliokufa zamani ni tabia ya Wazungu wenye nafasi na nauli. Mwaka 2023 kulitangazwa huko Berlin kwamba uchunguzi wa vinasaba umewatambua wazao walio hai, hapa Tanzania, wa watu ambao mafuvu yao yalichukuliwa enzi za ukoloni, na mmojawapo wa marehemu hao ni Akida, mshauri wa Mangi Meli. Taifa zima lilisikitika na kufurahi kwa pamoja. Wazao wa Meli wamekitafuta kichwa chake kwa miaka mingi, wakivuka bahari kwa ajili hiyo. Hatukumsikia mtu yeyote wa Tengeru akiuliza, "Wachaga hawa wanalilia nini mfupa?" Lililo haki kwa Mchaga aliyeko Berlin haliwezi kuwa kichekesho kwa Mpolandi aliyeko Tengeru.

Mwenye kucheka wa pili ni hatari zaidi, kwa sababu yeye hacheki kwa sauti. Yeye huyatazama machozi ya mgeni na kuyapigia hesabu. Huyu ndiye aliyewahi kutuambia katika kikao kwamba wageni wa makaburini wapokewe kwa ngoma, wavishwe mashuka mekundu, waonyeshwe kuruka, kisha wauziwe shanga. Tulipomweleza kwamba watu wanaokwenda kumlilia mama yao hawachezewi ngoma, na kwamba ngoma yenyewe aliyoitaja si ya Wameru, alituona washamba tusioijua biashara. Mtu huyu ana wenzake wengi mjini Arusha. Wamekwisha kuugeuza utamaduni wetu ukawa kama nyama ya kuchoma: haiulizwi mnyama alikuwa nani, huulizwa kilo ni bei gani. Kasumba hii ni mbaya kuliko ile ya zamani. Ya zamani ilitufanya tuone haya kwa mila zetu. Ya sasa inatufanya tuzionyeshe bila kuzijua.

Hatusemi kwamba mgeni asinunue ndizi. Bibi yetu aliwauzia Wapolandi ndizi miaka mingi, lakini akiwa anawajua.

Tulisoma kwamba mwaka 2009 huko Uskoti waliitwa nyumbani wazao wa Waskoti walioenea duniani, kwa kuadhimisha miaka 250 tangu kuzaliwa kwa mshairi wao Robert Burns. Mwezi Julai wakakusanyika Edinburgh kwa koo, kutoka Marekani, Kanada na Australia, kila ukoo na kitambaa chake cha miraba, wakaandamana kupanda mpaka ngomeni. Wako wenyeji waliowacheka, kama tunavyocheka sisi: ati Waskoti hao wa Marekani wamevaa sana, wamepita kiasi, wanatafuta nchi ambayo haikuwapo kamwe. Kampuni iliyoandaa mkutano huo ilifilisika baadaye. Wacheshi wakapata la kusema.

Lakini wengi wa wazee wa wageni wale hawakuiacha Uskoti kwa kupenda. Katika karne ya 18 na ya 19 wenye ardhi wa nyanda za juu waliwafukuza wapangaji wao ili wafuge kondoo. Nyumba zilichomwa. Msimamizi mmoja wa mashamba huko Sutherland, Patrick Sellar, alishitakiwa mwaka 1816 kwa vifo vilivyotokana na kuchomwa huko, akaachiliwa. Wafukuzwa wakapanda merikebu. Huko kilikuwa kondoo, kwetu kilikuwa ng'ombe, na moto ulikuwa moto uleule. Mzao wa mtu aliyefukuzwa akirudi na kitambaa kirefu kupita kiasi, mwenyeji ana haki ya kutabasamu, lakini na akumbuke kwamba yeye alibaki kwa bahati tu.

Nasi tunayo mikutano yetu ya namna hiyo, ingawa hatuiiti kwa jina kubwa. Kila Desemba mlima hujaa. Wanarudi watoto wa Nkoaranga, Akeri, Poli na Nkoanrua waliopo Dar es Salaam na Mwanza, na siku hizi walioko Marekani na Ujerumani. Ukoo huketi, mbuzi huchinjwa, loshoro hupikwa, michango husomwa. Huwa furaha, ila msikilize mwenyeji siku ya tatu. "Wamekuja kutuonyesha magari." "Mtoto wake hajui hata kumsalimu babu kwa Kimeru." "Wakiondoka tutapumua." Tumeyasikia haya katika nyumba yetu wenyewe. Yuko kijana mmoja wa ukoo wetu aliyezaliwa ng'ambo, akaja na kitabu chenye karatasi nyeupe, akataka kuandika mti wa ukoo. Akamwuliza mjomba wake jina la babu wa babu. Mjomba akacheka, akamwambia, "Nenda ukale nyama kwanza." Kijana alidhani ni mzaha. Sisi tulijua kwamba mjomba halijui jina lile, naye aliona haya kulisema jambo hilo mbele ya mtoto wa Kizungu, maana ndivyo wanavyomwita, ingawa ni mweusi kuliko wao.

Hapo ndipo tulipoelewa asili ya kicheko cha nje ya ukuta wa Tengeru. Mgeni amekuja na jina, mwenyeji hana. Kicheko ni blanketi la kufunikia upungufu huo. Wazee wetu walizika migombani, karibu na nyumba, na kaburi halikuhitaji jiwe kwa sababu aliyelilima shamba alijua nani amelala wapi, akamwonyesha mwanawe. Ulikuwa utaratibu mzuri, na ulifaa mradi mwana alikuwapo shambani. Siku hizi mwana yuko mbali, shamba limegawanywa mara nne, na mahali pengine migomba imeng'olewa pakajengwa vyumba vya kupangisha. Mpangaji anaanika nguo juu ya mtu asiyemjua.

Hatutaki kuwasifu wageni mno. Nao wana kosa lao, na tungekuwa wanafiki tusipolitaja. Wengi wao huja Tengeru wakakumbuka mlima, ziwa, machungwa na jua la Afrika lililowaponya baada ya baridi ya Siberia. Hayo ni kweli. Lakini katika kumbukumbu hizo Mmeru hupita kwa mbali kama kivuli: aliyeezeka paa hana jina, aliyeleta maziwa hana jina. Mara moja tulimwuliza mama mmoja mtu mzima, aliyekuja na wajukuu, kama anamkumbuka mtu yeyote wa hapa. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema palikuwa na mwanamke wa ndizi. Akatusikitikia kwamba hakuwahi kumwuliza jina. Hatukumwambia lolote, hapana haja ya kudai kwamba alikuwa bibi yetu, kwani wanawake wa ndizi walikuwa wengi. Tulimpa mkono, naye akatuomba tumwandikie jina la bibi yetu katika kijitabu chake, tukaliandika. Sasa jina hilo liko ng'ambo katika kitabu cha mgeni. Katika kitabu cha nchi yetu halimo.

Mwalimu alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alitaka tuutafute utamaduni wetu na kuujivunia, bila kukataa kujifunza kwa wengine. Sisi tumejifunza kwa wengine namna ya kuvaa, kula na kuimba. Namna yao ya kuandika majina ya wafu wao hatukutaka kujifunza, ingawa ndilo jambo ambalo lingetugharimu daftari moja na kalamu.

Miaka kadhaa iliyopita tulipeleka barua katika ofisi moja, ambayo hatuitaji, tukiomba kibali na usafiri wa siku nne tu ili tuwaandike wazee wa Ngarenanyuki waliofukuzwa mwaka 1951 wakiwa watoto, pamoja na majina ya wazazi wao. Tulijibiwa kwamba shughuli hiyo haimo katika mpango wa mwaka. Mwaka uliofuata tuliambiwa jalada halionekani. Tukiwa watumishi wa Serikali tunajua jinsi jalada linavyokuwa halionekani. Basi tukaanza kwa nauli yetu, kwa siku za Jumamosi. Usiku mmoja, tukirudi na kurasa nne tu zilizojaa, tulitunga ubeti huu:

Mgeni aja na taa, kaburi analijua,
Nasi hapa twashangaa, wetu hatujawajua,
Daftari limechakaa, wino haujapungua,
Waliopatwa na baa, nani atawatambua?

Wakosoaji watasema kwamba ubeti si hoja. Ni kweli. Hoja ni hii: mtoto aliyekuwa na miaka kumi siku nyumba zilipochomwa amekwisha kupita themanini. Mmoja tuliyepanga kumwona mwezi wa Agosti alizikwa mwezi wa Julai. Kwa huyo tulichelewa kwa majuma matatu, na katika ukoo wake hakuna mwingine aliyekuwapo siku ile.

Tunadai, basi, mambo ambayo hayahitaji mfadhili wala tamasha. Makaburi ya Tengeru yaachwe kama yalivyo, na anayetaka kuyalima aone haya. Ngoma ya kukodi isipelekwe langoni. Shule za Meru zifundishe habari ya 1942 na ya 1951 katika somo moja, kwa kuwa ni habari moja ya watu waliofukuzwa. Kila ukoo unaokutana Desemba, kabla ya kusoma michango, usome majina, na mtoto aliyetoka ng'ambo na kitabu cheupe apewe kiti karibu na mzee kuliko wote, nyama isubiri. Na ofisi ile ilitafute jalada.

Kurasa zilizojaa sasa ni tisa. Jumamosi ijayo tunakwenda kwa bibi mmoja huko juu ya Ngarenanyuki, ambaye masikio yake ni mazito lakini anawajua majirani wote wa mama yake, nyumba kwa nyumba, kutoka mtoni mpaka kwenye mti mkubwa. Ametutumia ujumbe twende mapema, kwa sababu mchana husinzia.